Kila sauti ina kwao: Jumamosi moja na wanakwaya wa Maragoli

Msomaji mpenzi, huenda umeushika ukurasa huu ukiwa umetoka kanisani sasa hivi, au umeketi nyumbani na kwaya ya kanisa la jirani inakufikia kupitia dirishani. Vijana wamejipanga safu, wamevaa sare, na sauti zao nne zimeshikana kama vidole vya mkono mmoja. Je, umewahi kujiuliza vijana hao walijifunzia wapi? Wengi wao hawajawahi kulipia hata somo moja la muziki. Wengi hawajawahi kugusa piano. Hata hivyo, mmoja akianzisha wimbo, kila mwenzake anajua pa kuingilia.

Jibu tulilolizoea ni kwamba hicho ni kipaji, Mungu amewajalia. Mimi nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, hasa kwa kuwa jibu hilo lilinifaa. Nilipokuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi jijini Nairobi, niliondolewa kwenye kwaya nikaambiwa sina sauti. Ikiwa uimbaji ni kipaji, basi mimi sikupewa, na hapana wa kulaumiwa.

Lakini mama yangu ni mzaliwa wa Maragoli, na watani wetu husema kwamba huko hata mbuzi hulia kwa sauti nne. Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka mitatu. Usiku mmoja akanishika shingo akitaka nimwimbie alale. Nikatafuta kichwani, sikupata kitu. Mwishowe nikatoa simu mfukoni, nikamchezea wimbo wa watoto ulioimbwa na mtu nisiyemjua, kwa lugha ambayo si yetu. Mtoto alilala. Mimi sikulala.

Basi ndivyo nilivyojikuta nimekata tikiti ya basi la usiku kwenda Kisumu, nia yangu ikiwa moja tu: kuwatafuta vijana waimbao na kuwauliza, mmoja mmoja, muziki wao ulitoka wapi.

NJIA YA KUPANDA

Asiyeijua njia hiyo nitamwelekeza. Basi linapita Nakuru na Kericho, na alfajiri linakushusha Kisumu. Hapo unatafuta matatu ya Kakamega. Ukishapita Kondele na Mamboleo, barabara inaanza kupanda, ziwa linabaki nyuma yako chini kama sinia, na hewa inabadilika. Kiboswa ndipo unapovuka mpaka kuingia Kaunti ya Vihiga. Kisha unakutana na Majengo, halafu Mbale, makao makuu ya kaunti.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni mawe. Majabali makubwa yamekaa juu ya vilima na katikati ya mashamba, mengine yamebebana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga akaenda zake. Kitu cha pili ni watu. Vihiga ni miongoni mwa kaunti ndogo kabisa nchini, haifiki kilomita mraba 600, lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 590,013. Hao ni zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba. Boma limepakana na boma, na katikati yake pana migomba, mahindi, mistari michache ya majani chai na ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba.

Nakueleza haya kwa sababu yanahusu uimbaji. Mahali ambapo nyumba ziko karibu hivyo, hakuna anayeimba peke yake. Mama akibembeleza mtoto, jirani anasikia. Kwaya ikifanya mazoezi, kijiji kizima kinaujua wimbo kabla ya Jumapili, pamoja na makosa yake.

Jambo lingine ni historia. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki, yaani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, mashariki ya hapa, wakaanzisha misheni. Kuna kichekesho kidogo katika habari hiyo. Marafiki wengi wa Uingereza huabudu kwa ukimya. Wanaweza kuketi saa nzima bila wimbo hata mmoja. Lakini hawa wa Marekani walikuja na nyimbo, na Wamaragoli wakazipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1905 misheni nyingine ikaanzishwa Kima, kule Bunyore. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, likaja na bendi za tarumbeta. Na mwaka 1942 mwenyeji wa huku huku, Zakayo Kivuli, akaanzisha kanisa la African Israel Church Nineveh, ambalo waumini wake huvaa kanzu nyeupe na kuandamana barabarani kwa ngoma, bendera na nyimbo.

Kwa hivyo, ukisimama juu ya jabali lolote la Maragoli Jumapili saa nne asubuhi, masikio yako yatapata kazi. Upande huu ni nyimbo za kitabu za sauti nne. Upande ule ni tarumbeta. Bondeni ni ngoma. Hayo yote humwingia mtoto kabla hajajua kusoma.

UBAO NA HERUFI SABA

Mazoezi yalikuwa katika kanisa moja lisilo mbali na Mbale, jengo la matofali lenye paa la mabati na madirisha yasiyo na vioo. Nilifika saa nane mchana. Waimbaji walikuwa 27, wengi wao wa kati ya miaka 14 na 25. Mwalimu wao ni mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, mwenye koti lililochakaa viwiko na sauti ndogo ya upole. Sikuona kinanda. Sikuona kipaza sauti. Palikuwa na ubao mweusi, chaki, na kitu kidogo cha chuma chenye meno mawili ambacho mzee alikigonga gotini akakiweka sikioni.

"Huu ni uma wa sauti," akaniambia. "Nimekuwa nao tangu nikiwa kijana. Hauhitaji stima."

Ubaoni alikuwa ameandika safu nne za herufi: d, r, m, f, s, l, t, zilizotenganishwa kwa nukta na vistari. Kama ulisoma shule ya misheni, au baba yako alisoma huko, unazifahamu. Hizo ni nota za solfa. Ziliasisiwa huko Norwich, Uingereza, katika karne ya 19 na mwalimu wa kike aitwaye Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akazirekebisha na kuzisambaza ili watu wa kawaida, wasio na pesa za ala wala walimu, waweze kusoma muziki. Wamisionari walizibeba hadi Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania leo, alikuwa mwanafunzi wa njia hiyo hiyo.

Mzee alinieleza siri yake kwa mfano mmoja. "Katika solfa, do si mahali," alisema. "Do ni nyumba ambayo unaweza kuihamisha. Nikiijenga juu, wote tunapanda nayo. Nikiijenga chini, tunateremka. Lakini ndani ya nyumba kila kitu kinakaa pale pale. Ukishajua mlango na kitanda viko wapi, hata gizani hujikwai."

Kisha akagonga uma wake, akavumisha sauti moja, na kikundi kimoja baada ya kingine kikachukua sauti yake kutoka hapo. Wimbo ulipoanza, mabati yalitetemeka. Nakiri kwamba nilisahau kuandika.

SAUTI NNE, NYUMBA NNE

Walipopumzika kunywa chai, nikaanza kuuliza swali langu. Nitakusimulia majibu ya vijana wanne, mmoja wa kila sauti.

Wa kwanza ni msichana wa miaka 16, mwanafunzi wa sekondari, anayeimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Yeye muziki wake ni wa shule. Alichaguliwa akiwa darasa la tano kuimba katika Tamasha la Muziki la Kenya, lile lililoanza mwaka 1927 na ambalo kila mwaka huwapandisha watoto ngazi kwa ngazi, kutoka mashinani hadi fainali za kitaifa. "Nilijifunza kufungua mdomo," akaniambia, na wenzake wakacheka. Lakini hakuwa anatania. Majaji wa tamasha huangalia matamshi, pumzi, mwafaka wa sauti na namna wimbo unavyoeleweka, kisha hueleza mbele ya watu wote ni wapi umekosea. Mtoto aliyepita hapo mara tatu ana masikio tofauti na yangu mimi niliyeondolewa mara moja tu. Siku hizi yeye hupokea sauti yake kwa simu pia: mwalimu huiimba, mjukuu wake huirekodi, na inatumwa katika kundi la WhatsApp la kwaya.

Wa pili ni kijana wa miaka 22, mwendeshaji wa boda boda, anayeimba sauti ya nne, ile nzito ya chini. Alilelewa katika Jeshi la Wokovu. Baba yake alipuliza tarumbeta kubwa kuliko zote, ile inayomzunguka mpulizaji kama chatu, na akiwa na miaka 10 kijana naye akaingia bendi ya vijana. Alijifunza kusoma nota za mistari mitano kabla hajaijua solfa. Sauti yake ilipovunjika, wakati ule ambao mvulana hufungua mdomo asijue itatoka sauti ya nani, aliacha kuimba mwaka mzima akabaki na tarumbeta. "Tarumbeta ndiyo iliyonifundisha pumzi," alisema. "Na ndiyo iliyonifundisha kungoja. Sauti ya nne hungoja sana."

Wa tatu, wa sauti ya tatu, ana miaka 20 na ni fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye ni wa ukoo wa Israel Nineveh. Utotoni hakujua kwamba mtu anaweza kuimba akiwa amesimama mahali pamoja. Aliimba akitembea vumbini nyuma ya mama yake, ngoma zikiwa mbele, mmoja akianzisha na umati ukiitikia. Hakusoma nota yoyote mpaka rafiki yake alipomleta katika kwaya hii. Mwalimu aliniambia kando kwamba kijana huyo huvunja kila kanuni ya ubaoni lakini hajawahi kukosa mapigo. Wimbo ukianza kuburuta miguu, wenzake humtazama yeye, hawamtazami mwalimu.

Wa nne ni msichana wa miaka 19, wa sauti ya pili. Nilipomuuliza alikaa kimya kwanza. Kisha akasema, "Mimi ni nyanya." Maana yake ni kwamba alilelewa na nyanya yake, mkulima asiyejua kusoma, ambaye huimba kutwa: akipalilia, akichambua mrenda, akibembeleza wajukuu. Nyanya akiimba wimbo, msichana alizoea kuimba chini yake kidogo, kwa sauti ya kumsindikiza, ili asimfunike mkubwa. Alipoingia kwaya akiwa na miaka 13, mwalimu alimsikia akifanya hivyo bila kufundishwa, akamweka sauti ya pili siku hiyo hiyo.

"Sauti ya pili hakuna anayeisikia," mzee akadakia kutoka kwenye benchi lake, "mpaka siku itakapokosekana."

Unaona, msomaji? Shule, tarumbeta, ngoma za barabarani na nyanya jikoni. Kwaya moja, na kila sauti ina kwao. Nilikuwa nimekuja kutafuta kipaji, nikaonyeshwa watu: jaji aliyesema "fungua mdomo," baba aliyekubali ala yake ipulizwe na mtoto, mama aliyetembea mbele, nyanya aliyepalilia. Kipaji kipo, sikatai. Lakini nimeanza kuamini kwamba kipaji bila mtu wa kukipokeza ni kama mbegu iliyobaki ghalani.

MANENO YANAPOKATAA TUNI

Kuna jambo moja zaidi ambalo mzee alinifundisha na ambalo sikulijua, ingawa nimekula mkate wa maneno kwa miaka kadhaa. Kiluragooli, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Ukipandisha au kushusha sauti ndani ya neno unaweza kubadilisha maana. Sasa wamisionari walikuja na tuni zilizokwisha kutungwa kwao, na maneno ya wenyeji yakalazimika kuzifuata. Pale tuni ilipopanda na neno likataka kushuka, neno ndilo lililoumia.

"Tulipokuwa watoto," mzee alisema, "kulikuwa na nyimbo ambazo tuliziimba bila kuzielewa, na ilikuwa lugha yetu."

Ndiyo maana, alieleza, mtungaji mzuri wa huku huanza na neno. Hulisema kwanza mara kadhaa, asikie linavyopanda na kushuka lenyewe, ndipo alitafutie nota. Wimbo wa jadi haupati taabu hiyo kwa sababu tuni yake ilizaliwa pamoja na maneno.

Wataalamu wa taifa hili waliwahi kuupa wimbo wa jadi heshima kubwa kuliko zote. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Tuni waliyoichagua ilikuwa ya Wapokomo wa Mto Tana, na ilikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto. Fikiria hilo utakaposimama wima siku ya sikukuu: mabrigedia, mawaziri na majaji wote wanapiga saluti kwa wimbo ambao mama mmoja alikuwa akimlazia mwanawe.

YANAYOTISHIA

Usinidhanie, msomaji, kwamba mambo ni shwari. Mzee ana hofu tatu, naye alizitaja bila kulalamika, kama mtu anayehesabu ng'ombe.

Ya kwanza ni mwaka 2020. Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, shule na makanisa yalifungwa, na tamasha la muziki la mwaka huo halikufanyika. Kwa mtu mzima mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto aliyekuwa darasa la tano ni mlango uliofungwa, kwa sababu alipokuja kufunguliwa yeye alikuwa amepita umri wa kuona haya kidogo na kufika ule wa kuona haya sana. Mzee asema pengo hilo analiona mpaka leo katika safu zake. Waliopaswa kuwa nguzo sasa ni wachache.

Ya pili ni matanga. Zamani usiku wa kuamkia mazishi ulikuwa wa kwaya. Waliimba kwa zamu mpaka kuche, na hapo ndipo vijana walipozoea kuimba bila karatasi, gizani, wakiwa na usingizi na huzuni. Siku hizi katika sehemu nyingi za Magharibi huja vipaza sauti vya disko matanga. Wakuu wa serikali wamezipiga marufuku mara nyingi kwa sababu ya visa vya wasichana kudhulumiwa humo, lakini bado huchipuka. Penye disko kwaya haina nafasi, na mtoto anayekua akilisikia hilo hujifunza kwamba muziki ni kitu kinacholetwa kwa pikapiki na kukodishwa.

Ya tatu ni Nairobi. Shamba la robo ekari haliwezi kugawanywa tena kwa ndugu watano. Kijana akimaliza kidato cha nne, anaondoka. Kwaya za jijini hunufaika. Nenda katika mitaa ya Kangemi au Kawangware siku ya Jumapili utawasikia. Lakini ya nyumbani huanza upya kila Januari.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini yule msichana wa sauti ya pili alikuwa mkimya. Jumatatu alikuwa anasafiri. Shangazi yake amempatia nafasi katika saluni jijini, na kwa pesa hizo anataka kujilipia chuo.

MPOKEZANO

Chai ilipokwisha, mzee hakurudi ubaoni. Alimwita msichana mdogo wa miaka 12 aliyekuwa ameketi nyuma tangu mwanzo, akamweka katika safu ya sauti ya pili. Kisha akamwambia yule mkubwa asimame nyuma yake, karibu kabisa.

"Usimfundishe," akasema. "Imba tu. Yeye atakuegemea."

Wakaanza. Mtoto aliifuata sauti ya kwanza iliyo juu, kama wafanyavyo wanaoanza wote, kwa sababu hiyo ndiyo yenye tuni. Msichana mkubwa hakumkemea. Aliinama kidogo, sauti yake ikamwingia mwenzake sikioni, na mtoto akateremka. Akapotea tena. Akarudi. Walirudia ubeti ule ule mara nyingi mpaka jua likashuka kwenye dirisha la magharibi, na wengine 25 wakangoja bila kunung'unika. Mara ya mwisho niliona msichana mkubwa amefunga mdomo. Mtoto hakujua. Aliendelea peke yake hadi mwisho wa mstari, na sauti ya pili haikukosekana.

Jioni hiyo nilimwomba msichana anipeleke kwao nikamsalimie nyanya yake. Tulimkuta uani akichambua mrenda kwenye ungo. Nikampa mkono wa heshima, nikamtajia mama yangu na kijiji alichozaliwa. Akamtafuta kichwani kupitia shangazi wawili na shemeji mmoja, akampata. Nikamwomba, kwa haya, aniimbie wimbo wa kulaza mtoto. Alicheka, akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema yuko Nairobi. Akasema basi huyo wa Nairobi atausikia vipi? Lakini aliimba. Mjukuu wake akaingia chini yake taratibu, kwa sauti ya pili, akiendelea kuchambua mboga.

Mimi sikuujua wimbo huo. Nilirekodi kwa simu, na usiku nikampigia mama na kumsikilizisha. Alinyamaza, kisha, kabla rekodi haijaisha, akaendelea nao yeye mwenyewe mpaka mwisho.

"Mama," nikamuuliza, "mbona hukuwahi kuniimbia?"

"Nilikuwa nikitoka kazini usiku, baba. Nilikukuta umelala. Msichana wa kazi alikuwa akikulaza kwa redio."

Hakulisema kwa majuto, wala mimi sikumlaumu. Alikuwa akitafuta karo yangu. Lakini nilielewa ni mahali gani kamba ilikatika, na kwamba haikukatwa na mtu mbaya. Ilikatika kwa sababu ya kazi, safari na uchovu, jinsi zinavyokatika nyingi.

JUMAPILI

Asubuhi kwaya iliimba nyimbo tatu. Katika ule wa pili mtoto wa miaka 12 alisimama mbele na msichana mkubwa nyuma yake. Yule wa boda boda alingoja, kama alivyosema sauti ya nne hungoja, kisha akaingia na jengo likapata msingi. Mlangoni baada ya ibada wanakwaya walimwaga mwenzao kwa kumshika mkono mmoja mmoja. Mzee alimpa karatasi iliyokunjwa. Baadaye msichana alinionyesha: ilikuwa safu ya sauti ya pili ya nyimbo sita, kwa solfa, kwa mwandiko wa ualimu. "Ukipata kwaya huko," mzee alikuwa amemwambia, "usiwaambie unajifunza. Waambie umetumwa."

Ukitaka kuwasikia vijana wa huku, msomaji, huhitaji mwaliko. Makanisa hayafungi milango, na mazoezi mengi huwa Jumamosi alasiri; fuata masikio yako kutoka Majengo, Mbale au Chavakali. Ukipata wasaa, panda mbele kidogo hadi Kaunti ya Kakamega uione isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma tatu za ukubwa tofauti na pembe ya swara. UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Lakini hata usipofunga safari, una kazi nyumbani. Kama wazazi wako bado wako hai, waulize leo walilazwa kwa wimbo gani, na uurekodi. Kama una mtoto, usingoje uwe na sauti nzuri. Yeye hakuomba sauti nzuri, ameomba yako. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na mtoto huanza kuwa mwanakwaya angali mgongoni.

Mimi nilirejea Nairobi Jumatatu, basi moja na yule msichana. Tuliagana kituoni, shangazi yake akiwa amempokea. Usiku huo nilimwimbia binti yangu wimbo wa nyanya. Nilikosea katikati. Mama, aliyekuwa ameketi sebuleni, akanisahihisha kupitia ukutani, nami nikaurudia kutoka mwanzo.